Warefu wetu na kilio cha Machi: Thabeet, Tshiebwe na sasa Maluach (uzi wa kikapu cha vyuo Marekani)

#1 Mzee wa Ribaundi (mleta uzi)

Wakuu, poleni na majukumu.

Naandika macho mekundu. Fainali ya vyuo Marekani ya 2025 imeanza saa tisa na dakika hamsini usiku kwa saa zetu, na inaisha makondakta wameshaanza kuita Posta, Posta hapo barabarani. Florida 65, Houston 63. Houston walikuwa mbele kwa pointi 12 kipindi cha pili, zikayeyuka moja moja mpaka hakuna. Shambulio la mwisho lilikuwa lao, kikapu kimoja tu kinatosha. Emanuel Sharp akaruka atupe ya pointi tatu, yuko hewani akamwona Walter Clayton wa Florida anamjia kama daladala lililokatika breki, akauachia mpira uanguke sakafuni. Sasa akiugusa tena yeye wa kwanza ni kosa, ametembea nao. Akabaki anautazama tu. Wachezaji wakaurukia, sekunde zikaisha, msimu mzima ukaishia pale.

Ila fainali siyo iliyonileta hapa. Kilichonikereketa ni nusu fainali, usiku wa kuamkia Jumapili, Houston na Duke. Kwa Duke alikuwepo yule dogo Khaman Maluach, mita 2.18, mzaliwa wa Rumbek Sudan Kusini, aliyekulia Kampala. Duke wakaongoza kwa pointi 14 zikiwa zimebaki dakika nane na kitu. Zikiwa zimebaki kama nusu dakika bado wako mbele kwa sita. Houston wakafunga pointi tisa za mwisho bila kujibiwa, 70 kwa 67, Duke nje. Nikafungua takwimu kuangalia kijana wetu kafanya nini. Ribaundi (kudaka mpira uliokosa kuingia): sifuri. Mita 2.18, dakika kama ishirini uwanjani, ribaundi sifuri.

Sikulala. Nikakumbuka 2009. Nikakumbuka 2022. Nikasema lazima nishushe uzi.

Kwa wageni wa mchezo huu, kwa ufupi. Vyuo vya daraja la kwanza kule ni zaidi ya 350. Timu 68 ndizo zinaingia michuano ya mwisho wa msimu, ambayo wenyewe wanaiita March Madness. Zinapangwa kanda nne, kila kanda kuanzia namba 1 (wababe) hadi namba 16 (waliobahatika). Na ni mtoano mtupu. Hakuna marudiano, hakuna mechi saba kama NBA. Ukiteleza usiku mmoja unarudi chuoni kufanya mitihani. Ilianza 1939 na timu nane tu, Oregon wakachukua kwa kuwafunga Ohio State 46 kwa 33. Ilifika timu 64 mwaka 1985, na 68 mwaka 2011.

Kila Mmarekani, hata asiyejua mpira ni wa mviringo, anajaza mkeka wa mechi zote kabla hazijaanza. Sisi wa mikeka ya timu kumi tunachana kila Jumamosi. Wale wanatabiri mechi 63. Ukibahatisha kama unarusha sarafu, nafasi ya kupatia zote ni moja katika 9,223,372,036,854,775,808. Muhindi wa kubeti hafilisiki hapo.

Turudi kwa warefu wetu.

Hasheem Thabeet hahitaji kutambulishwa humu. Mtoto wa Dar, mita 2.21, mpira wa kikapu kaanza kuushika akiwa na miaka kama 15. Akaenda Connecticut, UConn, kwa kocha Jim Calhoun. Machi 2008 UConn wamepangwa namba 4, wanakutana na San Diego namba 13. Raundi ya kwanza tu. Pointi gadi wao (yule mfupi mwendesha mpira) A.J. Price akaumia goti mapema, waliobaki wakashindwa kumpelekea mpira Thabeet pale alipoutaka, mechi ikaenda muda wa nyongeza, San Diego 70, UConn 69. Nyumbani.

2009 akarudi mtu mwingine kabisa. Wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8, na mabloku (mitupo aliyoizuia) zaidi ya manne kila mechi. UConn namba 1 ya kanda yao. Wakaichapa Chattanooga 103 kwa 47 (hiyo siyo mechi, ni kesi ya kupeleka mahakamani), Texas A&M, Purdue, Missouri, wakaingia Final Four (nne bora). Mtanzania yuko nusu fainali, Ford Field, Detroit, mbele ya watu 72,456. Ni kama Uwanja wa Mkapa umefurika kisha ukaongeza watu wa kusimama. Bahati mbaya wanaocheza nao ni Michigan State, timu ya jimbo hilohilo. Uwanja mzima kijani na nyeupe.

Nilikesha usiku ule kibandani kwa jirani, king'amuzi kinakatika kila mawingu yakipita. Na nilichokiona ndicho kilichonifanya niwe na nadharia yangu hii. Michigan State hawakushindana na Thabeet kwa urefu hata kidogo. Walikimbia. Kila akigeuka kurudi kulinda goli, kigadi Kalin Lucas kishafika na kishafunga, pointi 21 peke yake. 82 kwa 73. Kwisha.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, wakuu: mtoano wa vyuo ni mchezo wa magadi. Mrefu hana mpira mkononi. Anasubiri aletewe. Na warefu wetu wa Afrika hukutwa na miaka 13, 15, wanaonekana ni minara, wanapelekwa moja kwa moja chini ya ubao: simama hapo, zuia, danki (chomeka mpira kutoka juu ya ringi), basi. Hakuna anayewafundisha kuendesha mpira. Usiku ambao gadi wako kaumia au kapagawa, unakufa naye.

Nasema kwa uchungu kidogo. Mimi nina futi sita na inchi mbili, na shuleni kwetu huo ulikuwa mnara wa simu. Mwalimu wa michezo (simtaji, alikuwa mtu mzuri) siku ya kwanza alinitazama tu akasema, wewe kaa chini ya ubao. Nilikaa miaka minne. Sijawahi kuvuka nusu uwanja nikidunda mpira.

Itaendelea. Watoto wanataka chai.

#2 Mkeka Umechanika

Siti ya mbele. Mkuu tiririka.

#3 Kinyozi wa Temeke

Mleta uzi umesahau jambo la Thabeet na yule jamaa wa Pittsburgh, DeJuan Blair. Mita 2.01 tu, mpana kama kabati. Februari 16, 2009, siku ya kuzaliwa ya Thabeet, anatimiza miaka 22, UConn ndiyo namba 1 Marekani nzima. Wakagombea ribaundi mikono imefungana, Blair akamvuta mnara wetu akapita juu ya bega lake, puu, chini. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Ile video mpaka leo nikiiona nafunga simu.

#4 Mzee wa Ribaundi

Kinyozi sikusahau. Nilikuwa naficha aibu ya familia.

Naendelea. Mwaka 2022, Oscar Tshiebwe, Mkongo, chuo cha Kentucky. Mita 2.06, siyo mrefu sana kwa senta (mrefu wa chini ya ubao), ila ribaundi alikuwa anazifuata kama mtu anayedaiwa: wastani wa 15.1 kila mechi msimu mzima. Akatajwa mchezaji bora wa vyuo Marekani yote. Kentucky namba 2, wanakutana na Saint Peter's namba 15, kachuo kadogo ka Jersey City ambako hata Wamarekani wenyewe walikuwa wanakatafuta kwenye ramani. Oscar kafunga pointi 30, kavuta ribaundi 16. Sasa niambieni mtu afanye nini zaidi? Saint Peter's 85, Kentucky 79, muda wa nyongeza. Wale vijana hawakuishia hapo, wakawatoa Murray State, wakawatoa Purdue, wakawa namba 15 wa kwanza kufika nane bora.

Na Purdue hao senta wao alikuwa Zach Edey, Mkanada, mita 2.24. Huyu siyo wetu ila nadharia inamhusu. 2022 kafungwa na Saint Peter's. 2023 Purdue ni namba 1, wakatolewa na Fairleigh Dickinson namba 16, timu ambayo kwa wastani ilikuwa FUPI KULIKO ZOTE daraja la kwanza. Edey pointi 21, ribaundi 15, kafungwa 63 kwa 58. 2024 akafika fainali, akatupia pointi 37, na bado UConn wakashinda 75 kwa 60, kwa sababu wenzake wote kwa pamoja walipata kikapu kimoja tu cha pointi tatu.

Rudi nyuma mpaka 1983. Hakeem Olajuwon, Mnigeria, Houston, fainali: pointi 20, ribaundi 18, mabloku 7. North Carolina State wakashinda 54 kwa 52, gadi alitupa kutoka mbali mpira ukapungua, Lorenzo Charles akaudaka chini ya ubao akadanki sekunde ya mwisho. Walimpa Olajuwon tuzo ya mchezaji bora wa Final Four ingawa kapoteza. Miaka 42 baadaye Houston wamepoteza tena kwa pointi mbili hizohizo. Wana laana wale.

#5 MwanaLubumbashi

Bandugu, miye niko mutu wa Lubumbashi, na Oscar ni mutoto wa kwetu. Asante kwa kumutaja vizuri. Nyongeza moja: tangu 2021 wanafunzi kule wanaruhusiwa kulipwa na makampuni kwa kutumia jina na sura yao. Wenzake wa Kentucky walikuwa wanasaini mikataba kila kukicha. Oscar, mchezaji bora wa nchi nzima, alikuwa na viza ya mwanafunzi, na viza hiyo hairuhusu kazi hiyo ndani ya Marekani. Timu ilipoenda Bahamas kucheza mechi za kirafiki, Agosti 2022, ndiyo akapata nafasi ya kufanya matangazo yake, kwa kuwa yuko nje ya ardhi yao. Watu wanapouliza kwa nini vijana wetu hawakai chuo miaka minne, wakumbuke na hilo.

#6 Msoma Kimya

Huwa sichangii ila leo nimeshindwa. Mzee wa Ribaundi, nadharia yako ina tundu kubwa: Adama Sanogo. Mzaliwa wa Bamako, Mali. Senta. UConn hiyohiyo ya Thabeet. 2023 akachukua kombe, UConn 76, San Diego State 59, fainali kafunga 17 na ribaundi 10, na akawa mchezaji bora wa Final Four. Na alikuwa AMEFUNGA RAMADHANI. Mechi za mwisho zote kazicheza mwezi mtukufu. Sisi tukifunga hata kupanda ngazi ya ghorofa ya pili ni mjadala.

Kabla yake, 2004, Emeka Okafor, wazazi wake Wanigeria, senta, UConn tena, kombe na tuzo juu. Nusu fainali waliitoa Duke ya Luol Deng kwa pointi moja, 79 kwa 78. Na hata usiku huu wa jana, senta wa Florida alikuwa Rueben Chinyelu, Mnigeria, kapitia akademia ya NBA kule Senegal alikopita Maluach. Mbona yeye kalala na kombe?

#7 Mkeka Umechanika

Mleta uzi kapigwa ngumi ya mbavu 😂 ngoja nilete karanga

#8 Mzee wa Ribaundi

Msoma Kimya, karibu, na usirudi tena kimyani, hoja zako ni nzito. Ila Sanogo nakupa jibu: pembeni yake alikuwepo Jordan Hawkins anayetupa za mbali, kwa hiyo ukimzonga Sanogo wawili, unalipa tatu. Mrefu anashinda pale magadi wanapokuwa wazima. Chinyelu vilevile, kombe la Florida lilibebwa na Clayton: 30 dhidi ya Texas Tech, 34 dhidi ya Auburn. Jana kipindi cha kwanza alikuwa na sifuri, na bado ndiye aliyezuia ule mtupo wa mwisho.

Na nikupe hii ya kuumiza zaidi. Kwenye kikosi cha Thabeet 2009 kulikuwa na kigadi cha mwaka wa kwanza, mita 1.83, kinaingia kutokea benchi. Kemba Walker. Thabeet akaondoka, akachaguliwa wa pili kwenye usajili wa wapya NBA mwaka huohuo na Memphis, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Kemba akabaki chuoni. 2011 akashinda mechi tano kwa siku tano kwenye kombe la ligi yao, kisha sita za kitaifa, kumi na moja mfululizo, kombe. Bila mnara wowote wa mita 2.21.

Na huyo Curry mwenyewe, 2008 alikuwa Davidson, kachuo kadogo, namba 10. Kafunga 40 dhidi ya Gonzaga, kaivusha timu mpaka nane bora, wakafungwa na Kansas kwa pointi mbili tu. Mwaka uleule Thabeet analia na San Diego.

#9 Kinyozi wa Temeke

Mzee, na Kareem Abdul-Jabbar je? Alipokuwa bado anaitwa Lew Alcindor alichukua makombe matatu mfululizo na UCLA, 1967, 68, 69. Walimwogopa mpaka wakapiga marufuku danki, marufuku iliyodumu hadi 1976. Na Bill Walton, fainali ya 1973, katupa mara 22 kaingiza 21. Hao walikuwa magadi?

#10 Mzee wa Ribaundi

Kinyozi, ulivyozitaja hizo tarehe umenisaidia. Mstari wa pointi tatu ulianza kutumika kwenye vyuo vyote msimu wa 1986/87. Kabla ya hapo kutupa kutoka mbali ni pointi mbili sawa na danki, sasa nani atahangaika? Mpe mrefu. Ndiyo maana John Wooden wa UCLA akachukua makombe 10 ndani ya miaka 12. Mstari ulipochorwa, kibopa wa chini ya ubao akapandishiwa kodi. Halafu kuna faulo: chuoni unatolewa kwa tano, NBA ni sita. Mzuiaji mrefu akipata mbili za haraka anakaa benchi nusu ya kipindi.

#11 Jirani wa Kawempe

Habari za Kampala. Kuhusu Maluach mumhurumie kidogo. Huyu mtoto 2019 hakuwa anacheza kikapu kabisa. Alikuwa na miaka 13, aliambiwa tu ajaribu kwa sababu ya urefu. Miaka mitano baadaye yuko Olimpiki Paris na Sudan Kusini akiwa na miaka 17, tena alishacheza BAL (ligi ya kikapu ya Afrika) kwa timu tatu, ikiwemo City Oilers ya hapa kwetu. Hiyo ribaundi sifuri imetokea dhidi ya Houston, watu ambao kazi yao ni kukuegemea mpaka uchoke. Alikuwa na miaka 18! Mechi moja mbaya, nyinyi mnaandika uzi.

#12 Mzee wa Ribaundi

Jirani, nakubali, tena kwa mikono miwili. Miaka sita tangu aguse mpira. Hasira yangu haiko kwake, iko kwa huo mtoano unaomhukumu kwa usiku mmoja.

#13 Shangazi wa Tanga

Wanangu, nimesoma yote nikiwa namenya viazi. Mbona mnazungumza kama wanawake hawachezi?

Mwaka 2024, fainali ya wanawake ilitazamwa na watu karibu milioni 19 Marekani, ya wanaume haikufika milioni 15. Iowa walikuwa na Caitlin Clark, gadi, mtupaji wa mbali ambaye dunia nzima ilimjua. Kwa nadharia ya mwanangu Mzee wa Ribaundi, Iowa walikuwa wabebe kombe asubuhi. Clark kafunga 30. South Carolina walikuwa na Kamilla Cardoso, Mbrazili, mita 2.01, pointi 15 na ribaundi 17. Timu nzima ya South Carolina ilivuta ribaundi 51, Iowa 29. Matokeo 87 kwa 75, na tuzo ya mchezaji bora wa Final Four akapewa huyo mrefu wenu. Magadi walikuwa wapi?

Halafu jina hilo la March Madness mnalolitaja kwa mbwembwe, wanawake wameanza kuruhusiwa kulitumia rasmi 2022 tu, baada ya aibu ya mwaka uliotangulia, pale mabinti waliporusha video ya chumba chao cha mazoezi chenye rafu moja ya vyuma vyepesi huku wanaume wana ukumbi mzima. Siku nyingine mkileta uzi, leteni wote.

#14 Mkeka Umechanika

Shangazi kafunga uzi. Mods wekeni kufuli.

#15 Mzee wa Ribaundi

Shikamoo Shangazi. Hapo umenikamata penyewe, 51 kwa 29 sina pa kujificha. Naomba muda nikajipange.

#16 Shangazi wa Tanga

Marahaba mwanangu. Jipange. Na nikuulize: hiyo miaka minne chini ya ubao, nani alikukataza kwenda uwanjani jioni peke yako ukajifundisha kudunda?

#17 Mzee wa Ribaundi

Shangazi, mpira wa shule ulikuwa mmoja. Na alikuwa anaondoka nao pointi gadi.